Simama: Maisha ya Godi Liechti, Aliyefundisha Watoto wa Schwandegg Kulenga Shabaha

Mchungaji, wanafamilia, majirani wa pande zote mbili za bonde, wanachama wa chama cha walengaji mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, na nyinyi watoto mliojazana kwenye ngazi za kinanda, familia ya Liechti imempa dada mdogo wa marehemu, Rösi, yaani mimi ninayesimama hapa, kazi ya kusoma maisha yake, kwa sababu, walisema, ndiye aliyemvumilia muda mrefu kuliko wote, na Rösi amekubali kwa sharti kwamba asikatizwe, na kwamba jambo moja ambalo bonde hili limelizungukazunguka tangu mwaka 1979 litasomwa leo kama lilivyokuwa, maana marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na binti yake Vreni, ambaye ndiye lililomuumiza, amesema lisomwe.

Marehemu Gottfried Liechti, jina ambalo lilitumiwa na jeshi na daktari wa meno tu, sisi wengine wote tulimwita Godi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika shamba la Gummen, hapa hapa Schwandegg, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ernst Liechti na mama Klara, ambao wote wametangulia, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa, jambo ambalo mkunga alisema haliwezekani, lakini mkunga hakuishi naye. Mezani alikula amesimama, kanisani aliwekwa pembeni mwa benchi ili mguu wake ucheze bila kuwapiga mateke wenzake, na mchungaji wa enzi hizo alimuuliza baba yetu mlangoni, watu wakisikia, "Mzee Ernst, huyu mtoto wako kakalia siafu?" Baba akajibu kwamba nyumbani ni hivyo hivyo, na kwamba yeye amekwisha kata tamaa.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1951 hadi 1960, na wanaoijua shule ile wanajua kwamba madirisha yake yanatazamana na uwanja wa shabaha, banda la walengaji likiwa upande huu wa kijito na kingo ya udongo yenye shabaha ikiwa upande wa pili, mita mia tatu kupita juu ya malisho, kwa hiyo kila Jumamosi vioo vilitetemeka, mwalimu alipandisha sauti, na Godi hakusikia hata neno moja la hesabu. Cheti chake cha kumaliza shule kipo, familia imeamua tusikisome.

Kuhusu kazi, mwaka 1960 alipelekwa kujifunza kutengeneza jibini katika kiwanda kidogo cha kijiji, na hapo ndipo wazazi wetu walipokosea, maana jibini kazi yake kubwa ni kulingoja, na kungoja ndicho kitu pekee ambacho huyu bwana hakupewa alipoumbwa. Alifungua mlango wa stoo kulitazama, akafunga, akafungua tena, mpaka fundi wake akamwambia, "Godi, jibini si mgonjwa, huna haja ya kwenda kulijulia hali kila saa." Aliondoka mwaka 1963, kwa maelewano, tuseme hivyo. Mwaka 1964 alikwenda jeshini kama vijana wote, akarudi na bunduki yake kama vijana wote, akaisimamisha kabatini kati ya koti la Jumapili na mbao za kutelezea kwenye theluji, na mwaka 1965 akaajiriwa kuwa mpeleka barua, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2004, na wazee mliopo mnakumbuka kwamba gazeti lenu lilifika kabla ya kahawa kuchemka.

Tarehe 11 Mei 1968, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Hanni Zaugg, mshonaji wa nguo, mwanamke mpole aliyekuwa akisema kwamba ameolewa na upepo, lakini hajuti, kwa sababu nguo zake zinakauka upesi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Verena, yaani Vreni wetu, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1969, na mnaohesabu miezi kwenye vidole hapo mbele, nawaona, acheni, Godi hata katika hilo hakungoja.

Sasa tufike pale ambapo miguu ya kila mtu inaanza kuhangaika.

Godi alikuwa mlengaji hodari. Kwenye uwanja tu ndipo alipotulia, na Hanni alikuwa akimfuata kwenye banda lile na sindano zake za kufumia si kwa kupenda risasi bali ili amwone mume wake amelala kifudifudi bila kutikisika, walau kwa dakika kadhaa. Alikuwa na nishani za taji, zile za washindi, ukuta mzima. Siku zile hapakuwa na mitambo ya umeme, shabaha zilihudumiwa na watu walioketi shimoni chini ya kingo, wengi wao watoto wa kijiji waliolipwa soseji na soda, na kila risasi ilipopita juu ya vichwa vyao waliinua kibao cha duara chenye mpini mrefu kuonyesha ilipopiga, na risasi ikipiga katikati kabisa, kibao hakionyeshi tu, kinapepewa mbele ya shabaha, kulia na kushoto, ili banda zima lione. Mlengaji anangoja. Hapigi nyingine mpaka kibao kishuke, na hilo halikuhitaji kufundishwa, kila mtu alizaliwa akilijua.

Jumapili tarehe 27 Mei 1979, siku kuu ya kulenga ya kila mwaka, Vreni alikuwa shimoni, mwenye miaka kumi, kwenye shabaha namba tatu, na alijua namba tatu ni ya baba yake. Godi alipiga katikati. Vreni akapepea. Alipepea zaidi ya inavyotakiwa, alipanda juu ya benchi ili kibao kionekane hadi shuleni, alikuwa anamshangilia baba yake, na huko bandani baba yake alikuwa amebakiwa na risasi moja tu kufikia alama za juu kuliko zote alizowahi kupata, saa ikienda, watu wamemzunguka, kidole kimekwisha vuta nusu, naye akapiga.

Risasi ilivunja mpini. Vipande vya mti viliingia kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, vikakata mishipa, na vidole viwili, cha kati na cha pete, havikukunjika tena hadi leo. Vreni alikuwa akijifunza akodiani. Akodiani ilirudi kwenye sanduku lake.

Kwa miaka arobaini na mitano bonde hili limesema, na limesema kwa upendo, najua, kwamba jua la mchana lilikuwa machoni mwake. Marehemu ameagiza hivi, na haya ni maneno yake: "Rösi, asije mtu akasimama kwenye kaburi langu akalisingizia jua. Jua lilikuwa mgongoni. Niliona kibao, nilikiona vizuri, nikasema moyoni kitashuka, nikapiga." Hivyo hivyo ndivyo alivyomwambia Vreni hospitalini jioni ile, na mtoto akageukia ukutani, na kugeuka kule kulichukua muda mrefu sana kumalizika.

Chama kilimsimamisha uanachama kwa muda, mahakama ilimtoza faini, na yeye mwenyewe akajipa adhabu ambayo hakuna aliyeiomba, nishani zote alizitoa ukutani, bunduki akairudisha jeshini, na tangu siku ile hakupiga tena risasi hata moja ya kuhesabiwa alama. Na utulivu wake, ule mdogo aliokuwa nao pale bandani, ukaenda navyo. Alitembea usiku, alitembea mchana, alitembea ndani ya nyumba kutoka dirisha hadi dirisha, Jumamosi ndiyo usiseme, kila mlio uliotoka ng'ambo ulimwinua kitini, akasikiliza unaofuata, akasema, "Huyo amewahi, huyo hakungoja," na Hanni akamsogezea kahawa iliyopoa. Vreni alikua, akasoma, akahama bonde mwaka 1988 kwenda kufanya kazi kwenye reli mjini Thun, akawa anakuja Krismasi na Pasaka, analeta keki, anaosha vyombo, anaaga. Hawakugombana kamwe, na nawaambia ingekuwa afadhali wangegombana.

Mwaka 1981 kwenye mkutano wa chama iliulizwa ni nani atachukua kozi ya watoto, maana mwalimu wa zamani alichoka, na ukumbi mzima ukatazama meza. Godi akanyoosha mkono. Mtu mmoja, hatumtaji, yumo humu ndani, akasema, "Wewe?" Godi akasema, "Mimi. Nani mwingine humu anajua jinsi inavyoanza?" Akapewa kozi.

Alifundisha hadi mwaka 2019, na waliopita mikononi mwake wamejaa kanisa hili, wengine wana mvi. Wote wanakumbuka kwamba bunduki hawakuiona mwezi mzima wa kwanza. Walipewa ufagio. Jikoni kwa Hanni walijifunza kubeba ufagio ule mpini ukitazama dirisha siku zote, kidole kikilala ubavuni mwa mti na si kwingine, na aliyegeuka kuongea na mwenzake na mpini ukageuka naye, hata kwa kufumba na kufumbua, alikwenda kuosha vyombo, bila kelele na bila kusamehewa, na Hanni alisema hajawahi kuwa na jiko safi kama miaka ile. Kisha waliletewa bunduki tupu, wakajifunza kufungua, kutazama ndani, kuingiza kidole kidogo, kutazama tena, kwa sababu, alisema, jicho linaona linachotaka lakini kidole hakina tamaa. Kisha macho mawili, kabla ya kuweka jicho moja kwenye tundu la kulengea unasoma kingo nzima kwa macho yote mawili, kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma kitabu, halafu ndiyo unalaza shavu. Na muda wote huo yeye alikuwa akitembea nyuma yao, huku na huko, huku na huko, hadi watoto wakawa wanataniana kwamba Godi anamaliza soli ya kiatu akiwafundisha wenzake kukaa tuli.

Lakini kabla ya ufagio palikuwa na kelele. Hili ndilo lililokuwa lake peke yake, halikuwa katika mwongozo wowote. Watoto wetu tunawalea wanyamaze mbele ya wakubwa, wasalimie, washukuru, wasubiri waulizwe, na Godi alisema mtoto wa namna hiyo ni wa hatari kuliko bunduki yenyewe. Kwa hiyo neno la kwanza alilowafundisha lilikuwa "Simama!", na neno hilo, uwanjani, linasimamisha kila mtu, awe kanali, awe mchungaji, awe bingwa wa nchi. Alimpeleka kila mtoto kwenye banda, yeye akapanda kwenda kukaa nje ya nyumba yake ng'ambo ya bonde, na mtoto akapiga kelele mpaka Godi asikie na ainue kofia. Asiyesikika hapewi bunduki. Na walipokwisha kuizoea bunduki tupu, wakiwa wamelala kwenye mstari wanajifanya wanapiga, yeye mwenyewe alikatiza mbele yao polepole mikono mfukoni, kama ng'ombe aliyetoroka, mara ya kwanza wote wakanyamaza kwa heshima, basi akafika mwisho wa mstari, akavua kofia, akasema, "Haya, nimekufa. Nani kaniua? Wote mliokaa kimya." Wengine walilia. Mara ya pili walimpigia kelele hadi masikio yakamuuma, akafurahi siku nzima.

Mke wake Hanni alifariki tarehe 8 Novemba 2011, na mwezi mmoja kabla ya hapo alipata kumpakata mjukuu wake Malin, ambaye Vreni na mume wake Reto walimpata walipokuwa wamekwisha acha kutarajia. Malin ndiye huyu mwenye sketi ya kijivu, asiyependa kutazamwa, kwa hiyo msimtazame. Alikuwa akija likizo kwa babu yake, mtoto mtaratibu, sauti yake ndogo ukimwuliza chai au maziwa inabidi uiname, na Jumamosi milio ilipoanza alisimama dirishani pamoja na babu yake, mrefu na mfupi, wote wawili wakibadilisha mguu. Kiangazi cha mwaka 2023 aliomba afundishwe. Godi akasema muulize mama. Vreni akasema kwenye simu, na Rösi alikuwepo akimenya viazi, kila neno lilisikika, "Baba, mwanangu hatagusa chuma hicho. Wewe ulishagusa kwa niaba yetu sote."

Hakumzunguka binti yake, hilo tulielewe, hakufanya siri. Alimwambia, "Basi nimfundishe kupiga kelele tu, kelele si bunduki." Vreni akakata simu, na huko kwetu kukata simu si ndiyo wala si hapana. Hivyo kiangazi kizima Malin alisimama kwenye banda tupu akiita "Simama" kwa sauti ya paka aliyefungiwa nje, na Godi ng'ambo akiwa ameshika kofia mapajani, hainui. Ng'ombe wa jirani yetu, mama Frieda, walisogea kumtazama. Mama Frieda alikuja kulalamika kwamba maziwa yamepungua. "Sauti itoke tumboni," Godi alimwambia mtoto, "wewe unaomba radhi, mimi nataka uniamrishe." "Babu, ni vibaya kumfokea mtu." "Ni vibaya zaidi kumzika." Siku ya mwisho ya likizo, begi likiwa tayari kwenye gari, alishuka mwenyewe hadi bandani bila kuambiwa, na huku juu Rösi alikuwa anaanika mashuka, na kelele iliyokuja kutoka ng'ambo ilimfanya aangushe kapu. Godi hakuinua kofia tu, aliirusha.

Mwezi Januari mwaka 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho, wakamweleza bila kuzunguka, naye akawauliza kama anaruhusiwa kutembea. Mwezi Machi hakuweza tena. Kitanda kilihamishiwa dirishani, na miguu ambayo haikuwa na kazi iliendelea kutembea chini ya blanketi, mchana na usiku, hadi blanketi likachanika kwenye pindo, Rösi akalishona, likachanika tena. Alimpigia Vreni simu kwa mara ya mwisho kuhusu jambo lile, akasema hana muda wa kungoja, kisha akajicheka mwenyewe kwa alichosema, na Vreni akasema, "Apige risasi zake kwenye siku kuu, Res Aebi amsimamie. Mimi sitakuwepo, na usiniombe niwepo." Res, mwenyekiti wetu wa sasa, alikuwa mwanafunzi wa Godi wa mwaka wa kwanza, na kuanzia Pasaka alimfundisha mtoto kila alichofundishwa yeye, ufagio, kidole kidogo, macho mawili, huku Godi akiuliza kila jioni, "Anangoja? Sikuulizi kama anapiga, nakuuliza kama anangoja."

Jumamosi tarehe 25 Mei 2024, mchana, zamu ya Malin ilipofika, Godi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, dirisha wazi, mkono umeshika fremu. Bendera nyekundu, ya kuonya kwamba risasi zinapigwa, ilionekana juu ya kingo. Milio ilianza, mmoja, mwingine, yeye akitaja namba za mistari kwa kusikia tu, "Huyo wa kwanza, huyo wa nne, huyo mzee Walter anakohoa kabla ya kupiga," na alikuwa anangojea mlio wa namba tatu, kwa sababu Malin alikuwa amepewa namba tatu, na wa namba tatu haukuja. Ukaja mwingine wa kwanza. Wa nne. Wa tatu haukuja. "Mbona hapigi?" alisema. "Rösi, mbona hapigi?" Na ndipo ikapanda kutoka ng'ambo, kavu na ndefu, sauti ambayo mimi niliijua na yeye aliijua, "SIMAMA!", na uwanja mzima ukanyamaza.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko ugonjwa wenyewe. Hapakuwa na mlio, hapakuwa na kengele, watu wadogo walionekana wakitoka bandani, wengine wakikimbilia kingo, na Godi akasema, "Suruali yangu." Dada yake akamwambia alale. Akasema, "Rösi, kuna mtu kule chini, nipe suruali yangu," na mtu ambaye hakuwa amesimama tangu mwezi Machi alishusha miguu, akasimama, akafika hadi mlangoni akiwa na shati la kulalia na kofia, akashika mhimili kwa mikono yote miwili, akawa anasema neno moja tu, "Nani, nani, nani."

Gari la Res lilipanda. Alishuka Malin, na upande wa pili akashuka Vreni, koti lake la bluu limechanika begani, majani ya kichakani kwenye nywele. Vreni alikuwa amekaa Thun asubuhi yote, akapanda treni, akashuka, akapanda tena, alikuja kumzuia mtoto wake asipige, hivyo tu, na kwa kuwa alichelewa alikatisha kwa njia ya chini, ile ya watoto wa shimoni, nyuma ya vichaka, ambayo imefungwa kwa mnyororo tangu mitambo ya umeme ilipowekwa na waonyeshaji wakaacha kwenda, na ambayo hakuna anayeilinda kwa sababu hakuna anayeikumbuka. Yeye aliikumbuka. Aliruka mnyororo, akatokea pembeni mwa kingo, karibu na shabaha namba tatu. Bandani watu wote walikuwa wamekwisha laza shavu. Malin peke yake alikuwa bado anasoma kwa macho mawili, kutoka kushoto, na akaona bluu kati ya majani, hakujua ni nani, angeweza kuwa mfuko wa plastiki, na mtoto asiyeweza kuomba maziwa kwa sauti aliwaamrisha wanaume wazima, bingwa wa wilaya akiwemo.

Pale mlangoni Godi hakumtazama Vreni kwanza, hakuthubutu. Alimwuliza mtoto, "Ulifungua?" "Nilifungua, Babu." "Ukatazama?" "Nikatazama, nikaingiza kidole." "Na kile kingine, cha kufyatulia?" "Kilikuwa nje muda wote." Kisha Malin akaanza kulia, akasema, "Babu, saa ilikwisha, nimepata sifuri," na Godi akasema, "Sifuri," akalirudia, "sifuri," kama mtu aliyetajiwa jina la mtoto mchanga, na mikono ikaachia mhimili. Vreni ndiye aliyemdaka. Alimbeba hadi kitandani, mzee yule alikuwa mwepesi mno, akamfunika, akakaa miguuni mwake, na akaweka ule mkono wa kushoto, na vidole vyake viwili vilivyonyooka, juu ya blanketi pale miguu ilipokuwa ikitembea. Akasema, "Baba, nilikuwa nimepanda juu ya benchi siku ile. Nilitaka watu wote wajue ni baba yangu." Godi akasema, "Nilikiona kibao, Vreni." Akasema, "Najua. Lala." Na miguu ile ikaacha. Alilala mchana wote, na dada yake, aliyemjua kwa miaka sabini na mitano, alikwenda mara mbili kumsikiliza kama anapumua, kwa sababu hakuwahi kumwona hivyo.

Vreni hakurudi Thun. Marehemu aliugua wiki tatu na ushee baada ya hapo, bila kuhangaika, akafariki nyumbani asubuhi ya Jumatano tarehe 19 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka themanini, dirisha likiwa wazi. Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, dada mmoja ambaye ndiye anayewasomea, na watoto wa bonde zima ambao hakuna hata mmoja wao, tangu mwaka 1981, aliyemuumiza mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, muuguzi wa nyumbani aliyekuja kwa pikipiki hata kwenye mvua, majirani walioleta supu zaidi ya tulizoweza kunywa, mama Frieda na ng'ombe wake kwa uvumilivu, wapeleka barua wenzake wa zamani, Res Aebi na chama chote cha walengaji, na Mchungaji aliyetupa kanisa na muda, ingawa muda tumeupitiliza.

Limebaki moja. Chama kilitaka kupiga risasi za heshima kaburini, na marehemu alikataa, alisema risasi zimetosha. Bendera ya chama itainamishwa juu ya kaburi kama ilivyo desturi, na ikishainuliwa, kila aliyewahi kuosha vyombo jikoni kwa Hanni ataita lile neno mara moja, kwa sauti inayotoka tumboni, Malin ataanzisha, Vreni yuko kando yake. Mchungaji ameomba tusilijaribu humu ndani. Tutakuwa nje, tumetazama ng'ambo, kwenye nyumba yako, Godi, na safari hii neno ni lako. Ukilisikia, simama. Weka miguu chini, kaka yangu. Tulia, pumzika.